Kaimati Ndani ya Bawa

Bimkubwa hakusema uongo, na hilo mlijue mapema. Alichofanya ni kupunguza tu. Kwenye arusi moja kule Columbia Heights, Marekani, wanawake walikuwa wakijitapa kwa waume zao, huyu meneja, yule daktari, naye mumewe Ameir ni dereva wa teksi anayesinzia mbele ya wageni. Mdomo ukamwasha.

"Mume wangu mie," akasema, "wakati wa vita, kiwanda kizima cha ndege cha Waingereza kilisimama kwa ajili yake." Kisha akanywa sharbati, akawaacha wamalizie wenyewe.

Wakamalizia. Habari ilipofika Adelphi, Ameir alikuwa amekata nyaya. Shoga yake Waringa alipoifikisha mtaani kwake Manassas, Ameir alikuwa amelipua viwanda vitatu, kimoja akiwa amevaa buibui. Bimkubwa alizipokea salamu za heshima shingo juu, raha tupu, mpaka Sekou alipobisha hodi. Sekou alikuwa Mmarekani Mweusi aliyesomea Kiswahili chuoni, na alikisema kama anasoma hotuba.

"Shikamoo, Mama. Jumamosi chama chetu kitamvisha Mzee Ameir nishani kwa kuhujumu ndege za mkoloni. Waandishi wa magazeti nao watahudhuria."

Bimkubwa akaanza kuhesabu siku. Jumatatu yake Ameir alikuwa na mahojiano ya uraia, na bila uraia huo binti yao Nunu, aliyebaki Mombasa tangu akiwa msichana wa shule, asingeweza kuja. Na sasa serikali isome gazetini kwamba baba mtu ni mhujumu!

"Ushanimaliza," Ameir alisema alipoelezwa.

Jumamosi ukumbi ulijaa. Sekou hajafungua hata kiboksi cha nishani, Bimkubwa akampokonya kipaza sauti.

"Jamani, ilikuwa Ramadhani! Na jua la Uingereza kiangazi halitaki kutua. Huyu alikuwa kijana, baharia aliyeachwa na meli, kiwandani anapiga ribiti za kuunganishia mabati ya ndege. Kajinyima sukari yake ya mgao mpaka kakaanga kaimati za kufuturu, zimelowa shira tele. Wenzake wadokozi, basi akazificha ndani ya bawa la ndege. Kabla ya magharibi, msimamizi akamhamishia upande mwingine. Bawa likafungwa!"

"Woi, Mama! Na kaimati je?" Waringa akauliza.

"Shira ikaanza kudondoka. Waingereza wakasema Mjerumani kaleta sumu ya kula chuma! King'ora kikalia, watu mbio, akaja mtaalamu na glavu na koleo, akazitoa mojamoja akizilaza kwenye mchanga. Na huyu kasimama nje na njaa yake, anaziona zikizikwa!"

Ukumbi ukaangua kicheko. Ameir alitamani ardhi immeze, kisha akainua kichwa. "Na zilikuwa na iliki," akasema kwa uchungu, kama vile zimezikwa jana. Waandishi wakafunga kalamu zao, na Sekou, maskini, akarudisha nishani mfukoni.

Jumatatu afisa alimuuliza Ameir kama amewahi kufanya hujuma yoyote. Mwingine angesema hapana, basi. Ameir akajibu, "Hapana, lakini kuna kaimati," akasimulia yote. Afisa alicheka mpaka akavua miwani, akampitisha.

Mwaka uliofuata walisimama uwanja wa ndege, wakimchungulia Nunu kupitia kioo. Ofisa wa forodha alifungua kopo alilobeba Nunu, akachoma kitu kwa kalamu. Kalamu ikanata. Akakunja uso, akamwita mwenzake, na mwenzake akaja na glavu.

"La ilaha illallah! Tena?" Ameir akapiga kelele, akigonga kioo kwa viganja viwili.

Nunu akatia kaimati moja mdomoni, akampa ofisa nyingine. Ofisa akatafuna. Akaongeza.

Alipotoka hatimaye, mtu mzima mwenye buibui jipya, kopo lilikuwa karibu tupu. "Nisamehe Baba," akasema, "yule bwana kazimaliza. Imebaki hii moja."

Ameir aliitia mdomoni palepale huku machozi yanamtiririka. Akamkumbatia bintiye kwa mikono ya shira, buibui likaharibika mgongo mzima, na Bimkubwa hakumkataza.