Chuma Kilichobaki Mguuni

Mwaka 1952, ndani ya muundi wangu wa kushoto mlikuwa na bamba la chuma na skrubu sita. Nilivipata kwa njia ya heshima: nilisimama juu ya tingatinga bovu la mradi wa karanga, Nachingwea, nikiwahubiria wenzangu kwa sauti ya mwalimu mkuu, nikateleza kabla ya amina.

Mfupa ukaunga, nikarudi shuleni kwetu, upande wa Ruangwa. Kwa kuwa mpira nilikatazwa, nilihitaji kazi nyingine. Nikawatangazia wenzangu bwenini, kwa uso wa msiba, kwamba chuma changu huita radi.

Laiti ningefikiri kidogo. Sote tulitoka katika nyumba ambamo wingu likinguruma bibi hufunika kioo na kutupa nje majembe na mapanga. Sasa jembe nilikuwa mimi, na jembe lenye miguu halitupwi nje, linahamwa. Mvua ya kwanza ilipopiga, vitanda vilianza kusogea. Cha mwisho kilikuwa cha Dominiko, rafiki yangu tangu darasa la kwanza. Alikiburuta bila kunitazama. Nikabaki ukutani peke yangu, mbele yangu sakafu tupu kama uwanja wa gwaride.

"Nilidanganya," niliwaambia kesho yake. "Radi haina habari na mguu wangu."

"Ulisema pia mpishi ameoa jini," alijibu Dominiko.

"Ule ulikuwa utani."

"Na huu wa leo?"

Wiki tatu nilikula mwisho wa benchi na kuchota maji peke yangu. Niliwahi hata kumsimulia ndoo kichekesho, naye hakucheka. Ndipo nikaomba ruhusa, nikapanda lori hadi hospitali ya Nachingwea, chuma kitolewe.

Daktari wa Kizungu alikuwa akifunga makasha. Mradi ulikuwa umekufa, naye angeondoka mwisho wa mwezi. Baada yake hapakuwa na wa kunipasua.

"Kinauma sana," nilimwambia dresa wa kufunga vidonda, mzee Kipriani, aliyekuwa mkalimani.

Nikalala kitandani, nikafumba macho kama shahidi wa imani. Daktari akabonyeza, nikalia. Akabonyeza tena, nikalia zaidi. Nilipofumbua macho, alikuwa ameshika mguu wa kulia.

Walizungumza Kiingereza kidogo, kisha Kipriani akanigeukia. "Anasema mfupa umepona, na chuma kisipokusumbua kinaweza kukaa humo mpaka uzeeke. Kukitoa ni kisu tena, na mfupa unabaki na matundu sita. Ukianguka kabla hayajaziba, umevunjika upya. Lakini ukitaka kweli, Alhamisi atakitoa. Sasa niambie mimi, mwanangu. Kuna nini?"

Nikamweleza. Hakucheka, jambo lililonitisha.

"Kikitoka utawaonyesha nini?"

"Chuma chenyewe."

"Chuma! Nachingwea nzima imejaa vyuma vya matingatinga. Watasema umeokota."

"Basi kovu."

"Kovu si unalo?"

Nilikaa kwenye benchi la nje mpaka lori likapiga honi. Nilikuwa nimekwenda kung'olewa uongo, na uongo haukuwa mguuni. Nikarudi mlangoni.

"Mwambie asante," nilisema. "Kibaki."

Jumapili iliyofuata, saa ya mapumziko baada ya chakula cha mchana, mvua ilikuja na ngurumo. Nilijifunika blanketi gubigubi, ng'ambo ya sakafu wenzangu wakiwa wamesongamana kama mbuzi. Radi ikapasua karibu, bati likatetemeka. Kisha sauti ya Dominiko:

"Saturnini! Umekufa?"

"Bado."

"Haya, lala."

Kitanda chake hakikusogea hata shubiri. Radi ikapiga tena.

"Saturnini! Na sasa?"

"Bado!"

Aliuliza mara saba. Mara zote nilijibu ukweli, na mara zote aliniamini. Mvua ilipokatika, wengine wakakimbilia nje kucheza kwenye matope. Mimi nilibaki kitandani nikiutazama ukuta, nikitamani ingurume mara moja tu zaidi.