Ramani ya Bonde la Mzee Vernon

Rael alikuwa muuguzi kutoka Kitui, na kazi yake Doha ilikuwa kumtunza Mzee Vernon, Mmarekani wa miaka themanini na sita aliyeletwa huko na bintiye Leanne, mwalimu wa chuo kikuu. Miguu ya mzee ilikuwa imeishiwa nguvu. Kila asubuhi, akishameza dawa, aliomba atandaziwe mezani ramani ya mwaka 1934 ya bonde alikozaliwa, kwenye migodi ya makaa ya mawe huko Kentucky. Alimwonyesha Rael reli, mlango wa mgodi, na miraba midogo myeusi, kila mmoja nyumba ya mchimbaji. Juu ya kilima palikuwa na alama ya msalaba: makaburi. Mama yake alizikwa hapo.

Jumatatu moja alisema, "Nitafutie kwenye simu yako. Nataka kuona palivyo sasa."

Rael alifuata mto kwenye picha za setilaiti hadi kwenye kona ya reli. Hapakuwa na kilima. Kilikuwa kimekatwa na kusawazishwa, kifusi kimemwagwa bondeni.

"Si hapo," mzee alisema. "Umekosea."

Rael angeweza kukubali yaishe. Lakini kwao Kitui watu wa kampuni ya makaa ya mawe walikuwa wamekuja kupima ardhi, wakaapa hakuna boma litakaloguswa, na miezi michache baadaye vigingi vya mipaka vikaonekana uani kwa mama yake. Hakutaka kuwa kama wao.

"Ni hapa, mzee. Nimelinganisha mara tatu."

Mchana mzee hakula. Jioni Leanne alimkuta amegeukia ukuta, na Rael akamweleza yaliyotokea.

"Nimejua kwa miaka ishirini," Leanne alisema taratibu. "Miaka yote hiyo nimemficha. Nani alikutuma?"

"Aliniuliza, madam."

"Ungeniuliza mimi kwanza."

Juma lililofuata wakala aliyempatia kazi alimhamishia Rael kwa familia nyingine, katika mji jirani wa Lusail. Nafasi yake ikachukuliwa na Daisy, Mkenya mwenzake. Ijumaa walikutana kanisani Mesaimeer, Rael akauliza habari za mzee.

"Amesahau ulichomwonyesha," Daisy alisema. "Kila asubuhi ananiomba nimtafutie kaburi la mama yake kwenye simu. Madam ameniambia niseme hakuna mtandao."

"Na wewe unasema?"

"Nasema." Daisy aliinamisha uso. "Halafu ananiuliza Rael atarudi lini, maana Rael anapajua."