Kikombe cha Marehemu Toader

Hita ya ofisi ya mbunge ilikuwa haijawashwa tangu mheshimiwa alipohamishia shughuli zake Bukareshti, mji mkuu. Otilia Bejan, karani wake, aliandika barua za wananchi akiwa amevaa glavu zilizokatwa ncha. Ukutani ilibandikwa kanuni mpya ya maadili: mbunge na watumishi wake wasipokee zawadi ya namna yoyote. Mheshimiwa Lupașcu ndiye aliyeipigia debe bungeni, akachapishwa magazetini akitabasamu.

Mama Zamfira aliingia na matope hadi magotini. Alitoka ng'ambo ya mto, kule ambako daraja huahidiwa kila uchaguzi. Mumewe, Toader, alikata roho gari la wagonjwa likihangaika kutafuta njia ya kuzunguka. Bibi huyu hakuja kulalamika. Alitoa kikapuni mkate wa kusukwa na kikombe cha udongo kilichojaa divai, akawasha mshumaa palepale mezani.

"Shika, mwanangu. Leo ni arobaini ya Toader."

"Mama, hapa haturuhusiwi kupokea kitu. Imeandikwa pale."

"Sijui kusoma mie. Na Toader naye hakujua. Ana kiu tu."

Kwa watu wa kule sadaka ya marehemu haikataliwi. Ukiikataa, marehemu hubaki na kiu huko aliko, na dhambi ni yako. Anayepokea hutamka neno moja, bogdaproste, yaani Mungu awarehemu waliotangulia, na hapo ndipo maiti naye hupata kunywa. Otilia alivua glavu akapokea kwa mikono miwili.

"Bogdaproste," alisema.

Mama Zamfira alipiga ishara ya msalaba, akalia kidogo, akaenda zake. Mtu mmoja aliyekuwa akingoja zamu yake alikuwa amekwisha kupiga picha.

Siku hizo magazeti yalikuwa yameshupalia jumba la mheshimiwa la pwani, alilojengewa na mkandarasi yuleyule wa daraja lisilokuwepo. Baraza la maadili la bunge lilikaa, likaona kwamba jumba ni la shemeji yake, na shemeji si mbunge. Likaona kwamba karamu za mkandarasi ni chakula cha kazi, na chakula cha kazi kimeruhusiwa. Lakini kutoka mikono mitupu lisingeweza, watu wangecheka. Ndipo ile picha ikaletwa mezani, na aliyeileta ni mheshimiwa mwenyewe.

"Ulipokea?" mwenyekiti wa baraza alimuuliza Otilia.

"Nilipokea, mheshimiwa. Ni sadaka ya marehemu."

"Huyo marehemu alikuwa mpiga kura wa jimbo hili?"

"Alikuwa."

"Kwa hiyo ana maslahi." Mwenyekiti aliandika. "Na mkate uko wapi?"

"Nimeula. Sadaka huliwa."

"Loo! Ushahidi umeingia tumboni," mjumbe mmoja alisema, na wenzake wakacheka hadi wakafuta macho.

Nje, koridoni, Mheshimiwa Lupașcu alimshika Otilia bega.

"Dada yangu, mimi na wewe ni watu wa nyumba moja. Nimekuombea mpaka sauti imekauka. Kirudishe kikombe kwa mwenyewe, tupige picha, utapewa onyo tu. Usipokirudisha, kazi huna."

"Sadaka hairudishwi, mheshimiwa. Ni kumpokonya maiti."

"Maiti hana wa kumlalamikia. Mimi ndiye ninayelalamikiwa kila siku."

Otilia alimfikiria mumewe, aliyekuwa kitandani na mapafu yaliyoliwa na vumbi la saruji, na dawa zake ambazo bima ya kazi hii ndiyo iliyokuwa ikizilipia. Alitafuta hasira moyoni asiione. Aliona uchovu tu.

"Nitakirudisha," alisema.

Gelu, dereva wa mheshimiwa, alimpeleka kwa njia ndefu ya kuzunguka. Mama Zamfira alikuwa uani akiwatupia kuku punje. Alipoona kikombe mkononi mwa Otilia, alidhani amekuja kumtembelea, akafungua lango kwa furaha.

"Karibu, mwanangu! Ingia ndani, kuna supu."

"Mama, nimekirudisha."

"Umekirudisha nini?"

"Kikombe. Bunge limekataa."

Bibi alirudi nyuma hatua moja. Aliificha mikono yake miwili ndani ya aproni.

"Ulisema bogdaproste. Nilikusikia kwa masikio yangu. Toader naye alikusikia."

"Pokea tu, mama. Nitafukuzwa."

"Nikipokea, yeye atakunywa nini?"

Otilia alibaki amemnyooshea kikombe pale langoni. Gelu aliinua simu yake, akasogea kushoto, akasogea kulia.

"Bibi, toa mkono basi, ni sekunde moja! Haya, usitoe. Sura yako inaonekana, inatosha." Alipiga picha, akapiga tena. Kisha simu ikalia, akasikiliza akiwa amenyooka kama askari, akamgeukia Otilia. "Mheshimiwa anauliza, amepokea? Baraza linataka kufunga faili."

Kuku walidonoa kati ya viatu vyao. Otilia alilitazama lile jicho dogo la simu.

"Amepokea," alisema.

"Amepokea, mheshimiwa," Gelu alirudia simuni.

"Nani amepokea?" Mama Zamfira aliuliza. Aliwatazama mmoja baada ya mwingine, mikono ingali ndani ya aproni. "Nyie, nawauliza. Nani?"

Gelu alikuwa amekwisha kuinama, akifuta matope ya viatu vyake kwa majani ya uzio wa bibi.