Hatua Elfu Saba za Mzee Karypbek

Takwimu hazina haya. Profesa Burulkan Asanova alizipanga upya, akazipindua, akazihesabu kwa mkono kama mtoto wa shule, nazo zikamwambia lile lile: wazee wake walitembea sana na hawakupata nafuu hata chembe.

Burulkan alikuwa daktari wa wazee, na kwa miaka ishirini na miwili chuoni katika mji mkuu, Bishkek, alikuwa na wimbo mmoja tu. Mzee aliyepigwa na kiharusi asilazwe akaachwa. Ainuliwe, atembezwe, hata kama mdomo umepinda, hata kama mwaka wa pili umeshapita. Wenzake walimsikiliza, wakamsifu kwa bidii yake, kisha wakarudi wodini kuwafunika wazee mablanketi. Mwenyekiti wa baraza la sayansi, Profesa Temirov, alizoea kumwambia mbele ya watu, "Burulkan, mtu amefanya kazi miaka sabini. Mwache alale."

Sasa, akiwa na miaka hamsini na minane, alikuwa amepewa utafiti wake mkubwa wa kwanza, na kwa umri ule hakutarajia mwingine. Wagonjwa sitini katika vijiji vya milimani vya Naryn. Nusu waliachwa kama walivyo. Nusu ya pili walipangiwa mazoezi ya kutembea nyumbani, kila mmoja na kidude cha kufunga mguuni kinachohesabu hatua. Mwishoni mwa Machi baraza lingeamua kama kutakuwa na mwaka wa pili. Na namba zilisema waliotembea hatua elfu tano kwa siku walikuwa wazito vile vile kama waliolala. Kama ni kweli, basi Temirov alikuwa na haki siku zote, na yeye alikuwa amewasumbua wazee wa watu bure.

Mwingine angelia, au angezichezea namba kidogo pale ambapo hakuna anayechungulia. Burulkan alijifunga kibwebwe. Alivaa koti na buti, akapanda gari lake kuukuu mpaka Naryn, na kutoka hapo mpaka kijiji cha juu kabisa, kwa mgonjwa aliyewashinda wote kwa hatua. Mzee huyo aliitwa Karypbek, mchunga farasi wa zamani, umri miaka sabini na tisa, upande wa kulia umepooza. Kidude chake kilionyesha hatua elfu saba kwa siku. Burulkan hakupiga simu kabla, kwa sababu ukipiga simu vijijini unakuta uwanja umefagiliwa na ukweli umefagiliwa nao.

Mtu wa kwanza kumwona alikuwa Mahabat, mke wa mwana wa mzee, akitoka kisimani na ndoo mbili, anakata theluji kwa mwendo wa haraka. Juu ya kiatu chake palikuwa na taa ndogo ya kijani, inawaka na kuzimika.

"Mahabat. Hicho mguuni ni nini?"

"Si kile kidude chenu, mama profesa. Cha baba."

"Na kwa nini umekivaa wewe?"

Mahabat alitua ndoo, akamtazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini moto unachoma. "Sasa akivae nani? Mimi nipo mzima wa miguu, halafu baba mkwe ndiye ahangaike? Nesi alisema hatua elfu tano kila siku bila kukosa. Sijakosa hata siku moja! Kuna siku jirani alifiwa, nikapika na kuteka maji kutwa nzima, nikafika elfu kumi na mbili."

"Na wenzako? Wakwe wa nyumba nyingine?"

"Wote tunavaa. Yule wa nyumba ya bluu ni mvivu kidogo, lakini anajitahidi."

Burulkan alishika nguzo ya lango. Hasira ilimpanda, ikafuatwa na kicheko, na vyote viwili akavimeza.

Ndani alimkuta Karypbek juu ya magodoro yaliyopangwa matatu, mashavu yamejaa, ndevu zimechongwa, ananukia sabuni. Hapakuwa na doa kwenye shuka. Mguu wa kulia ulikuwa umekonda kama fito. Alikuwa ametunzwa vizuri sana, na utunzaji ule ulikuwa unammaliza.

Burulkan aliujua utunzaji huo kwa mikono yake mwenyewe. Alipokuwa daktari kijana na mkwe mpya, mama mkwe wake alipatwa na kiharusi cha mkono wa kushoto. Burulkan alimlisha kwa kijiko miaka minne, na mkono wa kulia wa yule mama ulikuwa mzima. Mtaa mzima ulimsifu. Mama alikufa na vidonda mgongoni, na watu wakasema bahati iliyoje kupata mkwe kama yule. Tangu siku ile hakupata usingizi mzuri mpaka alipoanza utafiti, na hilo hakuwahi kumwambia mtu. Sasa alikuwa amewapa wakwe thelathini vidude bila kuwauliza nani atavivaa, yeye ambaye angekivaa kabla ya wote.

Mbele ya baraza hakuficha kitu. Aliweka kidude mezani akasema kwamba waliotembea ni wakwe, si wazee, kila nyumba aliyoifikia. Ukumbi uliangua kicheko. Kuna aliyefuta machozi.

"Kwa hiyo," Temirov alisema, "tumethibitisha kwamba wake wa wana wetu wana afya njema. Hongera."

"Tumethibitisha kwamba hakuna mzee aliyetembea," Burulkan alijibu. "Dawa ambayo haijanywewa haiwezi kusemwa imeshindwa. Kosa la kutouliza ni langu. Nipeni muda nilirekebishe."

Walibishana mpaka chai ikapoa. Mwisho wakampa miezi sita, kijiji kimoja, wazee kumi na wawili, na wapimaji watakaotoka kwa Temirov mwenyewe. Baada ya hapo, basi.

Alirudi kwa Karypbek wiki iliyofuata. Alimweleza ubongo unavyojifunza upya, mguu unavyokumbuka ukikumbushwa. Mzee alimsikiliza kwa adabu, macho darini.

"Binti yangu, umesema vizuri. Lakini mimi nimekwisha. Nenda kawasaidie wenye miaka yao."

"Kwa hiyo hutasimama?"

"Sitasimama."

Burulkan alichukua mkoba wake. Alikuwa amefika mlangoni aliposikia sauti ya mzee nyuma yake, "Mahabat! Msindikize mgeni."

Alisimama pale na mkono kwenye komeo. Halafu akavua koti, akarudi, akakaa.

"Mzee, nilikuja kwa Mahabat au kwako?"

"Kwangu."

"Na nyumba hii ya nani?"

"Yangu! Wewe vipi?"

"Basi tangu lini mgeni wa Karypbek anasindikizwa na mkwe? Nikifika mjini nitasema nini? Kwamba nilikula mkate wake, akaniaga akiwa amelala?"

"Mimi mgonjwa!"

"Mgonjwa wa mguu. Au na adabu nayo imepooza?"

Mahabat alidondosha kifuniko cha birika. Mzee aligeuka mwekundu mpaka masikioni. Katika milima ile unaweza kumwambia mzee kwamba ni mkaidi, ni bahili, hata kwamba farasi wake ni wabovu. Kumwambia hajui kumuaga mgeni ni kumvua nguo.

"Niongezee chai, mwanangu," Burulkan alimwambia Mahabat. "Siondoki mpaka mwenye nyumba anitoe mwenyewe. Kama ni kesho, kesho. Kama ni keshokutwa, mtanipa blanketi."

Alikunywa bakuli la tatu, la nne, la sita. Alikula maandazi, akasifu siagi, akauliza habari za kila farasi kwa rangi yake. Mzee alijifanya amelala. Alipofungua jicho moja, mgeni alikuwa bado yupo, anapuliza bakuli la tisa.

"Leteni fimbo," Karypbek alisema. "Huyu mwanamke atatumalizia majani ya chai."

Wakamfunga kiunoni mkanda mpana wa tandiko, na Burulkan akaushika kwa nyuma. Mahabat alilia. Watu watasema amemwamsha baba mkwe, alisema, watasema amechoka kumtunza. Burulkan alimpa kigoda. "Mfuate nyuma nacho. Akichoka, umkalishe. Hakuna atakayesema hukuwepo." Hatua kumi na moja mpaka kizingitini zilichukua robo saa nzima. Mzee alitukana njia yote, akatukana sakafu, akamtukana aliyejenga chumba kirefu namna ile, na aliyekijenga ni yeye. Alipofika mlangoni alishika mwimo, akatafuta pumzi, akasema kwa heshima zote, "Safari njema, mgeni wangu. Karibu tena."

"Nitakuja kesho."

"Kesho!"

Kesho yake alikuja kweli. Baada ya hapo alimtuma mgeni mwingine.

Hiyo ndiyo ikawa tiba. Mgeni njoo, mwenyeji apone: watu husema hivyo wakitupia jicho kapu la mgeni. Pale kijijini maneno hayo yalipata ratiba, ikabandikwa ukutani dukani. Kila siku kila mzee alipata mgeni mmoja, na mgeni alikatazwa kuondoka mpaka mwenyeji amtoe. Wiki ya kwanza mpaka kizingitini, ya tatu mpaka langoni, mwezi wa tatu mpaka kona ya kwa jirani. Wakwe walifuata na vigoda. Walinung'unika, na walikuwa na haki. "Mazoezi haya yanakula unga, mama profesa," Mahabat alimwambia mwezi Mei, na Burulkan akaamuru kila mgeni aje na mkate wake. Bibi mmoja wa nyumba ya bluu alifukuza wageni wote wiki nzima, kisha akaona upweke, akawatumia salamu warudi. Mwezi Julai mzee mmoja alipigwa na kiharusi kingine usingizini akafa. Burulkan alikaa matanga pamoja na wafiwa, na mtu hakumlaumu, ila yeye alijilaumu siku kadhaa, kisha akaendelea.

Oktoba wapimaji wa Temirov walipanda kijijini na saa zao. Kati ya wale kumi na mmoja, wawili hawakuwa wamebadilika. Tisa walitembea kasi zaidi, na watano kati yao waliweza kuvuka barabara bila kushikwa. Karypbek aliwasindikiza wapimaji mpaka kwenye gari, akasimama pale anawapungia mkono wa kushoto mpaka walipopotea. Farasi hakupanda tena, na hakuna aliyemdanganya kwamba atapanda.

Burulkan alisimama mbele ya baraza na ukurasa mmoja. Alisema wazee ni wachache mno, kijiji ni kimoja, hapakuwa na kundi la kulinganisha, na mtu mwangalifu asingeapa kwa namba zile. Alisema anataka miaka mitatu na vijiji ishirini ili aweze kuapa. Hakuna aliyecheka. Mikono iliinuliwa mmoja baada ya mwingine, na wa mwisho kuinuka ulikuwa wa Temirov.

Temirov alimfuata nje ya ukumbi, watu walipokwisha kutawanyika. Alikuwa ameshika karatasi zake kifuani kwa mikono miwili. Mara ya kwanza kwa miaka ishirini na miwili, alimwita dada.

"Dada Burulkan. Mama yangu yuko kwangu. Kiharusi cha mkono wa kushoto. Huu ni mwaka wa tatu. Mke wangu hajawahi kumwacha anyanyue hata bakuli. Watu wanatusifu."

Burulkan aliukunja ule ukurasa wake, akautia mfukoni.

"Niambie ukweli. Kama ningemwamsha mwaka ule wa kwanza?"

Angeweza kumwambia kwamba hakuna ajuaye. Lilikuwa jibu la huruma, na mbele ya baraza lingeitwa hata jibu la kisayansi. Lakini alikuwa amelitafuta jibu la swali hilo kabla Temirov hajapata kuwa profesa, na hakuona ni kwa haki gani amnyime mtu.

"Ingemsaidia," alisema. "Ingemsaidia sana."

Temirov aligeukia dirisha. Alipoweza kusema, sauti ilikuwa ya mtoto wa mtu. "Miaka yote hii nilikupinga kwa sababu... ungekuwa na haki wewe, basi mimi ndiye niliye..."

"Ndiyo," Burulkan alisema. "Najua. Hata ukianza mwaka wa tatu, husaidia kidogo. Kidogo si sifuri, Temirov. Anapenda nini kwa chai yake?"

"Asali nyeupe."

Burulkan alikuwa tayari anafunga vifungo vya koti. "Dukani kwenye kona wanayo. Twende."

"Sasa hivi? Nina kikao saa tisa."

"Utamwacha mama yako alale siku moja zaidi?"

Alishika njia bila kungoja jibu, na nyuma yake akasikia viatu vya mwenyekiti, kwanza taratibu, kisha mbio.