Lundo la Kyabu Limepoa

Tangu asubuhi Kyabu alikuwa ametoka mara nne kwenda kutia mkono katika lundo lake la mbolea, nyuma ya nyumba, na mara zote nne alirudi ndani moyo haujatulia. Lundo lilikuwa baridi, badala ya kupata joto la kuoza. Baya zaidi, lilikuwa linanuka. Lucienne, binti yake wa miezi minane, alikuwa mgongoni, na kila mama yake alipoinama mtoto alificha uso kwenye kitenge.

Kesho kutwa mkaguzi wa usafi angepita katika kambi ya reli. Takataka za kila nyumba zilitakiwa kuchomwa shimoni. Kyabu alikuwa ameomba aziozeshe zake, kama alivyofundishwa katika darasa la jioni la wanawake: maganda ya muhogo, majani ya maharage, mavi ya mbuzi, baada ya miezi michache unapata udongo mweusi. Mkaguzi alikubali, ila akisikia harufu lundo lingechomwa na bustani ingefungwa. Na ardhi ya pale ni mchanga mtupu. Mboga za kumwanzishia Lucienne chakula zingeota wapi?

"Mama Lucienne," jirani yake Kabedi aliita toka ng'ambo ya ua, "weye unazika nani pale? Tuambie, tukuye kulia na weye."

"Ninapika udongo, yaya," Kyabu alimjibu, kama mtu anavyomwita dada yake mkubwa.

"Ile chakula yako imechacha. Bwana yangu anakulia chakula mbele ya nyumba sasa."

Kyabu alicheka, lakini mikono haikucheka. Akamwaga udongo juu ya lundo, akashika mchi, akaanza kushindilia. Ndivyo baba yake alivyofanya kule Kabondo-Dianda kwenye tanuri la makala, yaani mkaa wa miti: funika, shindilia, ziba kila tundu linalotoa moshi. Tangu siku ya kwanza alilifanyia lundo hivyo hivyo, kila jioni, kwa bidii.

Ézéchiel, mumewe, alimkuta katika hali hiyo. Alikuwa ametoka safari ya Bukama, uso mweusi, maana kazi yake ni kulisha makaa tanuru la garimoshi.

"Juu ya nini unaifunga vile?"

"Joto isitoke."

"Joto gani?"

Ézéchiel alichoma fimbo lundoni. Haikuingia hata kiasi cha kiganja.

"Kwa mashini, majivu ikiziba chini, moto inakufa. Inataka pumuzi. Ile yako, mama, weye umeinyonga."

"Tata alifanya vile maisha yake yote."

"Tata yako alitaka miti isiungue, ibakie makala. Weye unataka nini?"

Kwenye daftari lake la darasa la jioni Kyabu alikuwa ameandika, kwa mwandiko mzuri kabisa, "acha hewa ipite". Halafu mikono ikamfuata baba. Uso ulimwaka. Akatupa mchi, akachukua jembe.

Walilivunja lundo wote wawili. Ndani kulikuwa na uji mweusi, na harufu iliyomfanya Kabedi afunge dirisha bila utani. Wakatandika mabua ya mahindi chini, wakachanganya uji ule na nyasi kavu, wakalirundika upya bila kushindilia. Jua lilipotua walikuwa wamemaliza.

Siku iliyofuata Kyabu hakukaa. Alipika bukari, ugali wao, akitazama nje. Alimnyonyesha mtoto akiwa amesimama. Asubuhi, mkono baridi. Mchana, baridi. Jioni, vuguvugu, au labda ni jua tu.

Siku ya ukaguzi, Esdras, mkaguzi, aliingia uani na kukunja pua.

"Bado inanuka."

"Kidogo, bwana. Weka mukono."

Hakuweka. Alizamisha fimbo yake hadi katikati, akaiacha humo huku akikagua choo, kisha akairudia, akaichomoa na kugusa ncha yake. Akafuta vidole kwenye suruali, polepole.

"Iko moto."

"Iko."

Alitazama lundo, akatazama bustani.

"Siku kumi na ine. Nikisikia harufu tena, mutachoma."

Hata mkaguzi hajafika nyumba ya pili, Kyabu alimpitisha Lucienne juu ya ua hadi mikononi mwa Kabedi, akashika jembe.

"Si uliigeuza juzi?" Kabedi aliuliza.

"Upande wa chini sijui kama imeshika joto," Kyabu alisema, na tayari alikuwa anachimba.