Magunia ya Kamwene

Asubuhi moja ya Juni, Kihesa, Iringa, baridi ikiwa imekaba mpaka ndani ya nyumba, Bibi Yusta alitoka chumbani kwake na shuka mbili mabegani. Akasimama kwenye mlango wa sebule, akamsalimia mwanawe kwa Kihehe, "Kamwene." Sosthenes alikuwa mezani, kikombe cha chai mkono wa kushoto, simu mkono wa kulia. Hakuitikia. Salamu ikaanguka sakafuni karibu na mguu wa kiti, ikabingirika kidogo, ikatulia.

Ilikuwa na ukubwa wa kitunguu cha wastani, rangi ya majivu, na bado ilikuwa na joto. Damari, binti wa Sosthenes, aliyekuwa darasa la nne, aliisogeza pembeni kwa mguu ili bibi yake asijikwae. Kisha akamalizia uji wake.

Kihesa hilo halikuwa jambo la kumtoa mtu kwake aje kutazama. Nyumba nyingi zilikuwa nazo. Jirani yao, Mama Severina, alizifagia kila Jumamosi pamoja na maganda ya viazi na kuzimwaga shimoni, na hakuna aliyemlaumu. Ila Bibi Yusta alikataa zake kuguswa na ufagio. "Hizo si taka," alisema. "Zina mwenyewe." Basi Damari akawa anaziokota jioni na kuzitia kwenye magunia ya nyavu ya vitunguu, ambayo baba yake alikuwa nayo tele.

Sosthenes alikuwa dalali wa vitunguu. Alijua kila shamba la Ruaha Mbuyuni, kila dereva anayepandisha mzigo mlima Kitonga na kila mnunuzi wa Mbeya mpaka Tunduma, na wote hao walikaa ndani ya simu yake. Asipopokea yeye, anapokea mwenzake, na mzigo unakwenda. Hilo lilikuwa kweli. Ila tusiisingizie kazi kila kitu. Vitunguu vilikuwa vinalala saa moja jioni, na Sosthenes aliendelea kutazama. Alitazama magoli ya mechi ambazo matokeo yake alishayajua. Alitazama watu wa nchi asizozijua wakiosha mazulia machafu. Alikuwa kwenye kundi la waliosoma naye sekondari, humo ndani akawa mchangamfu sana, mtu wa utani, na waliomo walisema hakuna mtu mwenye salamu nzuri kama Sosthenes.

Hakuwa mtu mbaya. Alimleta mama yake kutoka Ruaha Mbuyuni alipovunjika nyonga, akamnunulia godoro, dawa na blanketi zito. Na mara nyingine akisalimiwa alisema "mm." Lakini "mm" siyo kuitikia. Salamu iliyoitikiwa hivyo ilianguka vilevile, ila ndogo kidogo.

Gunia la kwanza kabisa pale nyumbani halikuwa la bibi. Lilikuwa la Tusekile, mama yake Damari, Mnyakyusa wa Mbeya, aliyekuwa anasalimia kwa lugha ya kwao. Lilipojaa, alilifunga mdomo kwa kamba ya katani, akalipakia kwenye basi na kurudi nalo Mbeya. Baada ya muda akabadilisha namba.

Kule alikotoka Bibi Yusta, salamu hairushwi kama jiwe. Unaweka jembe chini. Unaulizwa umeamkaje, unajibu. Wanaulizwa watoto, wanaulizwa kuku, linaulizwa goti. Yakishaisha yote hayo ndipo mtu anasema lililomleta, maana sasa mna hakika kwamba nyote wawili mpo. Asiyeitikia hayupo, na huwezi kumweleza mambo mtu ambaye hayupo. Bibi alimlea Sosthenes hivyo, na sasa alikuwa anamlea Damari hivyohivyo.

Kisha likaja jambo. Tangu Krismasi ya mwaka ule Damari alikuwa haoni ubaoni. Mwalimu Shedrack alimsogeza dawati la mbele, lakini hata pale maandishi yalikuwa kama moshi. Mwalimu alimwambia amweleze baba yake ampeleke akapimwe macho, apate miwani. Jioni Damari alisimama mbele ya kiti cha baba yake, akasema, "Shikamoo baba." Ikaanguka. Kesho yake akasema tena, ikaanguka. Salamu za Damari zilikuwa ndogo, kama ndimu, na kwa kuwa hakupenda kuzichanganya na za bibi, alizitia kwenye beseni na kuliweka chini ya kitanda.

Basi akamweleza bibi yake.

"Nitamwambia mimi," alisema. "Ngoja tu aniitikie."

Mwezi wa tatu, mvua ikiwa inapiga bati, bibi alimwambia Damari asubuhi akivaa sare, "Leo namwambia baba yako. Nenda shule na moyo wako utulie." Mchana Sosthenes alikuwa nyumbani kwa sababu ya mvua, amekaa sebuleni. Bibi alikaa kiti cha pili, mkono wake mmoja ameuweka begani kwa mwanawe. Akasema, "Kamwene." Sosthenes akasema, "Mm." Ile salamu ikadondoka, ikaja kuegemea kiatu chake. Simu ilipozima chaji ndipo alipogeuka kumwomba mama yake amsogezee waya, akamkuta ameshakwenda. Mkono wa mama bado ulikuwa begani kwake na ulishapoa.

Alizikwa Ruaha Mbuyuni, kati ya mashamba mawili ya vitunguu. Sosthenes alilia sana, na alilia kweli. Picha za msiba zilipata pole nyingi.

Baada ya hapo nyumba ikawa kimya. Shingo iliyokuwa inamsumbua Sosthenes tangu mvua zianze ikakakamaa. Usingizi ukamkimbia, vidole vikafa ganzi, na ikawa akikaa tu moyo unamwenda mbio bila sababu. Daktari alimpima, hakuona ugonjwa. Simu ya daktari mwenyewe ilikuwa imelazwa kifudifudi mezani, inatetemekatetemeka.

"Ipumzishe simu," daktari alimwambia. "Kila jioni, ukishakula, iweke mbali na wewe kwa muda. Tega alamu ikwambie muda umeisha. Shingo itapona yenyewe."

Jioni ile Sosthenes alitega alamu, akaiweka simu kwenye sufuria jikoni, akafunika na mfuniko, akarudi sebuleni kukaa. Alikaa vibaya. Mikono haikujua pa kukaa. Aliisikia saa ya ukutani, akamsikia Mama Severina akikohoa nyumba ya pili, na akahisi upweke ambao alikuwa ameukimbia kwa miaka, umekaa naye sebuleni umekunja nne. Nusura alie. Alitazama huku na huku kutafuta cha kushika, na kilichokuwa karibu yalikuwa magunia nyuma ya mlango. Akachomoa salamu moja. Ilikuwa na joto kidogo. Aliigeuzageuza mkononi, na kwa sababu hakukuwa na jingine la kufanya, akaitikia.

"Kamwene."

"Umeamkaje, baba?" ikasema sauti ya mama yake.

"Nimeamka salama, mama."

"Mimi nimeamka, ila goti limenisumbua. Nimemwota marehemu baba yako, amesimama kwenye mfereji, kavaa lile koti lake. Usiende na hilo shati, lina kifungo kimelegea."

Ikaishia hapo. Mkononi kwa Sosthenes likabaki ganda jembamba kama la kitunguu kikavu, akaliweka juu ya meza. Lile shati alikuwa amelitupa zamani. Akachomoa nyingine.

Tangu siku hiyo alipumzisha simu kila jioni, na hakukosa hata mara moja. Aliitikia, akaulizwa, akajibu. Alisimuliwa habari za mbuzi wa jirani, za ndoto, za maharage yaliyoungua. Shingo ikalegea. Vidole vikapata uhai. Akawa analala kama mtoto. Daktari alifurahi, na Sosthenes aliwaandikia wenzake kwenye kundi: "Jamani, tupumzisheni simu. Mimi nimepona." Akapata pongezi nyingi, akakaa kuzijibu mpaka usiku.

Damari alipoona sufuria limefunikwa mara ya kwanza, alidhani mapumziko ni yake. Alichana nywele. Alikuja sebuleni na daftari kifuani, akasimama mbele ya kiti na kusema, "Shikamoo baba." Sosthenes alikuwa na salamu mkononi, kichwa ameinamisha, anacheka taratibu. Alinyoosha kiganja. "Subiri kwanza, niko na bibi yako." Damari akasubiri mpaka alamu ikalia ndani ya sufuria. Kisha akaokota kandimu kake chini ya kiti, akaondoka. Aliumia. Alilala amegeukia ukuta, na kesho yake alikuja tena na daftari lake.

Kilichokuwa kinamtafuna Sosthenes ni ile salamu ya mwisho. Mama alitaka kusema nini siku ile? Alimimina magunia yote sakafuni akaitafuta, lakini zilikuwa zinafanana zote. Akawa anaitikia kwa pupa, akiisikia moja ikianza na "Umeamkaje" anajua siyo, kwa sababu ile ilikuwa ya mchana. Magunia yakapungua. Angemuuliza Damari, angeonyeshwa dakika hiyohiyo, kwa maana siku ya msiba Damari ndiye aliyeiokota pale kwenye kiatu, akaifunga kwenye kitambaa cha bibi cha kichwani na kulala nayo chini ya mto. Hakumuuliza.

Mwezi wa nane, Damari akawa haoni tena hata namba za ukurasa. Jioni moja Sosthenes alikuwa amebakiwa na gunia lililolegea, amelikodolea macho. Damari alikuja na daftari lake na kile kitambaa, akakiweka kitambaa mapajani kwa baba yake. Hakusema neno, kwa sababu hakuwa ameitikiwa. Sosthenes alikifungua. Ile salamu ilikuwa bado ya moto, kama imetoka mdomoni sasa hivi.

"Kamwene, mama," alisema.

"Umeshindaje, baba?"

"Nimeshinda salama."

"Uko salama kweli?"

"Niko salama, mama. Wewe umeshindaje?"

"Nimeshinda. Na mvua hii mzigo umepanda Kitonga?"

"Ulipanda, mama."

"Na shingo yako?"

"Imepona."

"Tunashukuru. Na Mama Severina, kikohozi kimemwachia?"

"Bado anakohoa."

"Mpelekee tangawizi. Sasa, baba, kuna jambo."

Alamu ikalia ndani ya sufuria. Sufuria zima likawa linapiga kelele na kutembea juu ya meza ya jikoni. "Subiri kidogo, mama," alisema Sosthenes. Aliiweka salamu juu ya kiti, polepole, kama mtu anavyoweka yai, akaenda jikoni kuizima. Aliizima. Kioo kikawaka, na chini ya alamu kulikuwa na ujumbe, na chini ya ujumbe ule, mwingine. Alisimama palepale na mfuniko mkononi.

Sebuleni bibi alikuwa anaongea na kiti. "Huyu mtoto haoni ubaoni. Tangu Krismasi. Mwalimu amesema apimwe macho apate miwani, na mtoto anaogopa kukusumbua. Usimwache akawa kipofu, baba, na wewe umekaa hapa. Mpeleke wiki hii. Unanisikia?"

Damari alisubiri kidogo, aone kama kuna atakayejibu.

"Amesikia, bibi," alisema.

Ganda likabaki juu ya kiti. Sosthenes aliporudi alilikuta hivyo. Akalishika, likavunjika. Akakaa chini, uso ukasawijika, na ilionekana wazi kwamba kitu hicho alikuwa amekitamani kuliko chochote.

"Damari," alisema. "Bibi amesema nini?"

Lilikuwa ni swali alilolingoja tangu Krismasi. Damari alishusha daftari. Akajisogeza karibu mpaka uso wa baba yake ukaacha kuwa moshi, akakunja goti kidogo kama alivyofundishwa, kwa sababu jambo halianzi kabla ya salamu.

"Shikamoo baba."

Mapumziko yalikuwa yamekwisha. Simu ilitetemeka mkononi mwa Sosthenes, na macho yake yakashuka.

"Mm," alisema.

Ilianguka, ikaingia mahali chini ya kiti. Damari alipiga magoti. Hakuiona, akapapasa sakafu kwa viganja vyote viwili, akagusa kiatu cha baba yake, akagusa mguu wa kiti, mpaka akaipata. Akaifuta vumbi kwa sketi. Lile beseni lilishajaa, kwa hiyo alichukua gunia moja tupu la bibi nyuma ya mlango, akaitia humo. Akaliburuza mpaka pembeni pasipovuja, akaweka ubao chini yake ili lisipate unyevu. Zina mwenyewe, na kesho jioni baba atakuwa anapumzisha simu.