Bitana ya Koti la Kriketi

Mwalimu Otiende alifungua koti lake, akatazama ndani, kisha akaketi kwenye ngazi ya duka la Osman kama mtu aliyepewa habari ya msiba. Mimi nilikuwa nangoja sifa.

"Jemutai, ile lining ya zamani iko wapi?"

Ulikuwa mwaka wa 1987, hapa Eldoret. Nilikuwa mjane wa miaka ishirini na tisa, na cherehani yangu ilikuwa na mwezi mmoja tu barazani kwa Osman. Koti lenyewe lilikuwa bleza ya buluu yenye milia ya rangi ya maziwa na nembo mfukoni, ya klabu ya kriketi ya chuo kikuu alikosomea Mwalimu, Kampala. Aliniagiza nishone kwapa, basi. Lakini kiherehere changu! Niliona bitana imechakaa, imejaa madoa ya wino, nikaing'oa na kutia mpya bila kuulizwa. Ile ya zamani niliikatakata nikajazia mabega yaliyokuwa yamelegea, maana fundi hatupi kitambaa.

Kumbe yale madoa yalikuwa maandishi. Kila ziara ya klabu, nahodha aliandika mji na mwaka ndani ya koti hilo, na wachezaji wakatia sahihi: Dar es Salaam, Zanzibar, Nakuru, Kitale. Kati ya wale kumi na mmoja walibaki watano. Wengine vita vya Uganda viliwameza. Jumamosi hiyo watano hao wangekutana Nairobi, mara ya kwanza baada ya miaka ishirini, na mtunza koti alikuwa Mwalimu.

"Wakifungua wataona nini? Hii satin yako?"

Mficha uchi hazai. Nilichukua wembe nikafumua mabega mbele yake. Vikatoka vipande: nusu ya Nakuru, mkia wa sahihi ya mtu. Nililia palepale barazani, wateja wa Osman wakinitazama. Mwalimu alivipanga vipande magotini, akaanza kuviunganisha.

Siku mbili aliketi kando ya cherehani. Nilivishona vipande juu ya bitana mpya, na palipokatika alinitajia herufi nikazijaza kwa uzi wa njano. Ndipo nikajua kwamba Zanzibar mvua iliwafungia ndani siku tatu, na kwamba Mukasa, mchezaji mwenzao aliyepiga mpira kama anayepura maharagwe, alilia ndani ya meli kwa woga. Mwalimu alicheka hadi akafuta machozi. Nami nikacheka, mara ya kwanza tangu nifiwe.

Ijumaa alipapasa kila jina, kisha akaweka kidole mahali patupu chini ya Kitale.

"Hapa andika Eldoret, eighty-seven."

"Lakini Mwalimu, timu haikufika Eldoret."

"Koti limefika. Na utie sahihi."

Sahihi yangu nilikuwa nimeitia mara moja tu maishani, kwenye karatasi za kuchukua maiti ya mume wangu. Nilitunga uzi wa njano, nikaanza na J.